Ahadi ya Miaka Mitano: Kuchagua Linux Thabiti kwa Seva ya Barua, Tukitazama kutoka Kigwena

Utangulizi

Anayetaka kuanzisha seva ya barua pepe hukutana mapema na swali hili: aiweke juu ya Linux ipi? Linux si kitu kimoja. Kuna kerneli, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, na kuna makundi mengi yanayoichukua kerneli hiyo, yakaikusanya pamoja na programu nyingine, yakazijaribu, yakazipa namba ya toleo na kuzigawa kwa watumiaji. Kila mkusanyiko wa namna hiyo huitwa distribusheni. Debian, Ubuntu, Red Hat, CentOS na Slackware ni mifano inayojulikana zaidi.

Kwa kawaida swali hili huachiwa mafundi. Insha hii inalichukua kama swali la historia, kwa sababu sifa inayohitajika zaidi katika seva ya barua, yaani uthabiti, haionekani siku ya kwanza. Siku ya kwanza distribusheni zote husimama. Tofauti huonekana mwaka wa tatu, wa tano au wa nane, wakati aliyeifunga mashine ameshahama na barua za watu wengi zimelala ndani yake. Kwa hiyo anayechagua hana budi kuangalia nyuma: nani aliahidi nini, na alitimiza kwa miaka mingapi?

Nalitazama swali hili kutoka Kigwena. Kigwena iko kusini mwa mji wa Rumonge, kando ya barabara iendayo Nyanza-Lac, penye msitu mdogo wa hifadhi na mashamba ya michikichi karibu na Ziwa Tanganyika. Hapa umeme hukatika, fundi hutoka mbali, na mashine ya akiba ni nadra. Kituo cha afya, shule au ushirika wa wakulima wa mawese ukitaka kuwa na anwani zake na barua zake, hauwezi kuchagua kana kwamba uko Bujumbura mjini, sembuse Ulaya.

Katika pwani hii maandishi yana uzito wa pekee. Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulianza Rumonge na Nyanza-Lac. Mauaji makubwa yakafuata, watu wengi wakakimbilia Tanzania, na mashamba yao yakachukuliwa na wengine. Waliporudi, hasa baada ya Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000, kesi za ardhi zilikuwa nyingi kiasi kwamba mwaka 2006 serikali iliunda tume ya taifa ya ardhi na mali nyingine. Mwenye karatasi alikuwa na pa kuanzia. Asiye nayo alibaki na kumbukumbu za wazee. Leo sehemu kubwa ya maandishi ya ofisi na vyama si karatasi tena, ni barua pepe. Zikipotea pamoja na seva, zimepotea kama karatasi iliyoungua. Kwa sababu hiyo sioni kwamba uchaguzi wa distribusheni ni jambo dogo la mafundi peke yao.

Neno "thabiti" lina maana gani?

Kabla ya kuingia katika historia ni lazima tulifafanue neno lenyewe, maana linapotosha wengi. Katika Kiswahili kuna tofauti kati ya kitu imara na kitu thabiti. Ukuta imara ni ule usioanguka. Mtu mwenye msimamo thabiti ni yule asiyebadilika: ulichoelewana naye jana, utamkuta nacho kesho. Kitu chaweza kuwa imara bila kuwa thabiti, na thabiti bila kuwa imara.

Distribusheni inapojiita thabiti, maana ya kwanza ni hii ya pili. Haidai kwamba haina kasoro. Inadai kwamba, tangu siku toleo linapotoka hadi siku muda wake unapokwisha, programu zilizomo hazitabadilishwa tabia. Kasoro ya usalama ikigunduliwa, kiraka hushonewa juu ya programu ileile ya zamani, na faili za mipangilio ulizoandika hubaki kama zilivyo.

Mfano wa karibuni ni Dovecot, programu inayowapa watumiaji barua zao kutoka kwenye seva. Debian 12, iliyotoka Juni 2023, ilikuja na Dovecot 2.3. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, ilikuja na Dovecot 2.4, na mipangilio iliyoandikwa kwa ajili ya 2.3 haifanyi kazi humo mpaka iandikwe upya. Mwenye Debian 12 hakushtukizwa. Aliendelea kupata viraka vya toleo lake, akapanga mwenyewe wiki ya kuhama. Mwenye distribusheni inayobadilika kila siku, kama Arch, hukutana na badiliko la namna hiyo siku litakapofika, hata kama ni siku ambayo fundi yuko safarini.

Barua zinazongoja njiani

Seva ya barua hufanya kazi mbili: hupokea, na huhifadhi mpaka mwenyewe au mchukuzi mwingine afike. Utaratibu huu ni wa kale kuliko kompyuta, na Ziwa Tanganyika linaujua. Mwaka 1871, Henry Stanley alipokuwa akimtafuta David Livingstone, aliukuta mjini Tabora mfuko wa barua za Livingstone ulioandikwa tarehe 1 Novemba 1870. Mfuko huo ulikuwa umetoka pwani ya bahari, ukakwama njiani kwa kukosa wa kuupeleka mbele. Stanley aliuchukua hadi Ujiji. Baadaye, Novemba 1871, wawili hao walipanda mtumbwi kuelekea kaskazini hadi mdomo wa mto Rusizi, wakipita pwani hii hii ambayo leo ni ya Burundi. Mfuko ule haukupotea. Ulichelewa tu, kwa sababu kituo kilikuwapo lakini mchukuzi hakuwapo.

Barua pepe ya kwanza katika Afrika Mashariki ilisafiri kwa mtindo uleule. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 shirika la mazingira la ELCI, mjini Nairobi, liliendesha kituo cha Fidonet. Barua zilikusanywa mchana kwenye kompyuta ndogo, zikafungwa pamoja, na kupelekwa kwa simu hadi London, kwenye mtandao wa GreenNet. Mradi wa ESANET uliunganisha kwa njia hiyo vyuo vikuu vya kanda, vikiwamo vya Nairobi, Makerere na Dar es Salaam. HealthNet, mtandao wa waganga, ulitumia pia setilaiti ndogo iliyopita juu mara chache kwa siku: kituo kilituma barua zake ilipopita, kisha kikangoja ipite tena. Nchini Zambia, ambako bandari ya Mpulungu iko kwenye ncha ya kusini ya ziwa letu, kazi kama hiyo ya Chuo Kikuu cha Zambia ilizaa kampuni ya Zamnet mwaka 1994.

Burundi ilipata jina lake la mtandao, .bi, Oktoba 1996. Wakati huo nchi ilikuwa chini ya vikwazo vilivyowekwa na majirani baada ya mapinduzi ya tarehe 25 Julai mwaka huo, vikwazo ambavyo havikusimamishwa hadi Januari 1999. Malori na meli zilizuiwa, lakini barua pepe ilikuwa na pa kuandikwa.

Nimeeleza historia hii kwa sababu inatupa kipimo cha kwanza. Itifaki ya kusafirisha barua, SMTP, iliyoandikwa na Jon Postel mwaka 1982, ilirithi uvumilivu wa posta. Seva inayotuma isipomkuta mpokeaji haitupi barua. Hujaribu tena na tena, kwa kawaida kwa siku 4 au 5. Umeme ukikatika Kigwena usiku mmoja, barua hazipotei, zinangoja kama mfuko wa Tabora. Kinachotisha basi ni seva inayowaka lakini haitunzwi: haipati viraka, inavamiwa, inaanza kutuma barua za utapeli kwa jina la ushirika, na mwishowe kukataliwa na seva nyingine zote. Kukatika kwa umeme si hatari kubwa hivyo. Anayechagua distribusheni anachagua mtunzaji.

Jinsi Linux ilivyotufikia

Kabla ya mikongo ya baharini kufika Mombasa na Dar es Salaam, SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, intaneti ya nchi zetu ilitegemea zaidi setilaiti. Kupakua distribusheni nzima ilikuwa kazi ya siku nyingi na fedha nyingi. Kwa hiyo Linux ilisafiri kwenye CD, kutoka mkono hadi mkono.

Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alianzisha Ubuntu, akiijenga juu ya Debian. Jina hilo halikuhitaji kufasiriwa kwa Warundi: katika Kirundi ubuntu ni utu na ukarimu, na kitu kinachotolewa ku buntu hutolewa bure. Kuanzia 2005 hadi 2011 kampuni yake, Canonical, ilituma CD za Ubuntu kwa posta bila malipo kwa yeyote aliyeziomba, popote duniani. Mwaka huohuo wa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili.

Mafundi wa seva nao walipata shule yao. Tangu mwaka 2000 mikutano ya AfNOG imefundisha Waafrika kuendesha mitandao. Ilifika Nairobi mwaka 2006, Kigali 2010 na Dar es Salaam 2011. Kwa miaka mingi somo la seva ya barua hapo lilifundishwa kwa Exim, programu iliyoandikwa na Philip Hazel wa Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1995, tena juu ya FreeBSD, ambayo si Linux. Tunajifunza kwamba waliofundisha hawakuitafuta mashine mpya kuliko zote. Walitafuta ile ambayo mwanafunzi, akirudi kwao, angeikuta ikifanya kazi kama alivyoiacha darasani.

Ahadi iliyofupishwa

Mfano unaofundisha zaidi ni wa CentOS. Red Hat ilikuwa ikiuza Red Hat Linux, na wengi waliitumia bila kulipa. Kampuni ilipogeukia toleo la mashirika, linalolipiwa, iliacha kulitunza lile la zamani mwishoni mwa Aprili 2004. Sheria za leseni zilimruhusu yeyote kuchukua msimbo chanzo wa toleo la mashirika na kuujenga upya. Ndivyo CentOS ilivyozaliwa mwaka huohuo: kitu kilekile, bila nembo ya Red Hat na bila malipo.

Ilipendwa sana. Kampuni nyingi za kuhifadhi tovuti na barua ziliitumia, kwa sababu matoleo yake ya baadaye yaliahidiwa kutunzwa kama miaka 10. Dalili ya kwanza ya hatari ilionekana Julai 2009, pale wajenzi wa CentOS walipomwandikia hadharani mmoja wa waanzilishi wake, aliyekuwa ameshika jina la mtandao na fedha za mradi huku hapatikani. Jambo hilo lilisuluhishwa, lakini lilionyesha kwamba nyumba kubwa ilikuwa imeegemea nguzo moja. Mwaka 2014 mradi uliingia chini ya Red Hat, na wengi waliona umepata nguzo ya chuma. Mwaka 2019 IBM ilikamilisha kuinunua Red Hat kwa dola bilioni 34.

CentOS 8 ilitoka Septemba 2019 na ilitarajiwa kutunzwa hadi 2029. Tarehe 8 Desemba 2020 ilitangazwa kwamba itakoma tarehe 31 Desemba 2021. Zaidi ya miaka saba ilikatwa kwa tangazo moja. Ajabu ni kwamba CentOS 7, ambayo ni ya zamani zaidi, iliachiwa muda wake hadi tarehe 30 Juni 2024. Aliyeharakia toleo jipya aliachwa njiani mapema kuliko aliyebaki na la zamani. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao.

Haki itendeke hapa. Red Hat haikuvunja mkataba, kwa sababu hakukuwa na mkataba: watumiaji hawakuwa wamelipa, na msimbo ulibaki huru. Ndiyo maana mwaka 2021 zilizaliwa AlmaLinux na Rocky Linux kuchukua nafasi ile, na zinafanya kazi vizuri hadi leo. Lakini Juni 2023 Red Hat ilipunguza njia za kuupata msimbo wake hadharani, na warithi hao wakalazimika kutafuta njia nyingine. Waswahili husema ahadi ni deni. Historia ya CentOS inaongeza kwamba deni lina thamani kulingana na nani anadaiwa, na kama kuna anayeweza kumdai.

Ahadi ya wengi

Debian ilitangazwa na Ian Murdock tarehe 16 Agosti 1993. Haikuwa ya kampuni. Mwaka 1997 wachangiaji wake walikubaliana juu ya mkataba wao na jamii, na mwaka uliofuata wakawa na katiba. Kiongozi wao huchaguliwa kwa kura kila mwaka. Murdock mwenyewe aliacha uongozi mwaka 1996, na alifariki Desemba 2015. Mara zote mbili matoleo yaliendelea kutoka. Hilo ni jaribio ambalo miradi mingi haijalipita: kuondokewa na mwanzilishi bila kuyumba.

Lakini mwanahistoria asiandike sifa tupu. Toleo lililoitwa Woody lilitoka Julai 2002, na lililofuata, Sarge, halikutoka hadi Juni 2005. Kwa karibu miaka mitatu watumiaji walibaki na programu zilizochakaa, na baadhi yao walihamia Ubuntu kwa sababu hiyo. Jambo baya zaidi lilifichuka Mei 2008. Miaka miwili kabla, badiliko dogo lililofanywa ndani ya Debian kwenye programu ya OpenSSL lilikuwa limedhoofisha utengenezaji wa funguo za siri, kiasi kwamba funguo zilizotengenezwa zingeweza kukisiwa. Ubuntu, iliyojengwa juu yake, iliathirika vilevile. Kila mwenye seva alilazimika kutupa funguo zake na kutengeneza nyingine. Kosa lilitangazwa hadharani pamoja na dawa yake. Tangu hapo hakuna mtu makini anayeweza kusema kwamba kinachoitwa thabiti ni salama kwa jina tu.

Kwa upande wa muda, tangu 2014 Debian imekuwa na utaratibu wa matunzo marefu, ambao unalifikisha kila toleo kwenye miaka mitano: kama mitatu ya kwanza chini ya mradi wenyewe, na iliyobaki chini ya kundi jingine linalofadhiliwa na mashirika yanayoitumia. Miaka mitano ni pungufu ya ile kumi ya CentOS. Ila mpaka sasa imetimizwa.

Tukio la Juni 2019 linaonyesha jinsi ahadi hiyo inavyofanya kazi. Iligunduliwa kasoro katika Exim, matoleo 4.87 hadi 4.91, iliyomwezesha mtu wa mbali kuiamrisha seva atakavyo. Debian ya wakati huo ilikuwa na Exim 4.89. Kiraka kilitolewa tarehe 5 Juni, siku ileile kasoro ilipotangazwa, na Exim ikabaki 4.89: hakuna mpangilio uliobadilika. Haikupita wiki mbili, programu haribifu zikaanza kuzunguka duniani zikitafuta seva ambazo hazijashonewa kiraka. Ni kweli kwamba waliokuwa na Exim 4.92, iliyotoka Februari mwaka huo, walikuwa salama bila hata kujua. Upya nao una bahati yake. Lakini bahati si mpango. Funzo kubwa liko upande wa waliovamiwa: wengi wao dawa ilikuwa tayari, hawakuinywa.

Kupima kwa hali ya Kigwena

Turudi sasa pwani ya Rumonge na kuvipanga vipimo tulivyovipata.

Kipimo cha kwanza ni nani anashika ahadi. Ahadi ya kampuni moja inaweza kufupishwa kwa tangazo moja, kama tulivyoona. Ahadi ya kundi lenye katiba huchelewa, hubishaniwa, lakini ni vigumu kwa mtu mmoja kuifuta. Kwa ushirika usio na mwanasheria wala fedha za mkataba, Debian ina nafasi ya kwanza. Ubuntu ya matunzo marefu, ambayo pia ina miaka mitano, ni ya pili. Programu kuu za barua zimo katika sehemu inayotunzwa na Canonical yenyewe, na wanafunzi wengi wameshaizoea, ila mwenye ahadi ni kampuni moja.

Kipimo cha pili ni kuhama kutoka toleo hadi toleo. Debian tangu zamani imejengwa ipandishwe palepale ilipo: toleo jipya huwekwa juu ya la zamani, na masanduku ya barua hubaki. Desturi ya CentOS ilikuwa kufunga upya kwenye mashine nyingine kisha kuhamisha barua. Ofisi yenye mashine kumi haioni tabu. Kigwena, penye mashine moja, kipimo hiki peke yake kinaweza kuamua.

Kipimo cha tatu ni ukubwa wa matunzo. Distribusheni thabiti huhitaji kupakua viraka tu, wala si programu mpya kila wiki. Kwa anayenunua intaneti kwa kipimo, hilo ni fedha. Debian inaweza pia kuwekwa ijishonee viraka vya usalama yenyewe kila siku. Historia ya Exim inatuambia kwamba seva ya mbali isiyo na fundi wa kila siku lazima iwekwe hivyo tangu mwanzo.

Kipimo cha nne ni mahali pa kuiweka mashine. Seva ya barua huhitaji anwani ya IP ya kudumu, na jina linalolingana na anwani hiyo. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo zimekaza masharti kwa wanaotuma barua kwao, na seva isiyojithibitisha hukataliwa au barua zake huishia kwenye taka. Intaneti ya simu, ambayo ndiyo iliyoenea huku, haitoi anwani ya namna hiyo. Ziwa nalo lina neno lake: katika mafuriko ya mwaka 2024 maji ya Tanganyika yalipanda hadi kwenye nyumba za pwani ya Rumonge. Kwa sababu hizi, seva ya ushirika wa Kigwena inafaa zaidi ikae Bujumbura au mahali pengine penye umeme na anwani, na nakala ya barua zote iletwe Kigwena kwenye diski, sehemu ya juu, mbali na maji. Uchaguzi wa distribusheni haubadiliki kwa hilo. Fundi atakuwa mbali na mashine vilevile.

Pingamizi

Msomaji anaweza kuuliza: kwa nini tusitumie sanduku la bure la Gmail na kumaliza kazi? Kwa mtu mmoja, jibu hilo linatosha. Kwa chama, tatizo ni lilelile la CentOS kwa sura nyingine. Sanduku la bure ni la mtu aliyelifungua kwa simu yake. Katibu akihama au akikosana na wenzake, anaondoka na barua za miaka yote. Jina la mtandao na seva vikiwa vya chama, katibu hubadilika na barua hubaki. Chama kisichoweza kuiendesha seva kinaweza angalau kumiliki jina lake na kumlipa mwingine aiendeshe, mradi nakala ibaki mikononi mwake. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na hasa asipojua nduguye aliweka wapi ufunguo.

Pingamizi la pili ni kwamba miaka mitano ni michache. Ni kweli. Kesi ya shamba inaweza kuchukua miaka mingi kuliko hiyo. Lakini distribusheni si sanduku la kumbukumbu. Ni ulinzi wa sanduku hilo. Ulinzi hubadilishwa zamu kila baada ya miaka michache. Kinacholindwa ndicho kinachobaki. Kwa hiyo chama kinachochagua Debian leo kiandike katika kumbukumbu zake, si katika kichwa cha fundi, mwaka wa toleo kumalizika na jina la atakayelipandisha.

Hitimisho

Tumeona kwamba uthabiti wa distribusheni ni ahadi ya kutobadilika na ya kutunzwa, na kwamba ahadi hupimwa kwa historia ya aliyeitoa. CentOS ilikuwa bora kwa karibu kila kipimo cha kiufundi, lakini zaidi ya miaka yake saba ilifutwa na tangazo moja. Debian imechelewa, imekosea vibaya mara moja au zaidi, na bado imesimama zaidi ya miaka 30 bila kumtegemea mtu mmoja. Kwa seva ya barua ya chama cha Kigwena, chenye mashine moja na fundi wa mbali, nachagua Debian thabiti, ijishonee viraka, ipandishwe palepale ilipo kabla muda wake haujaisha, na nakala yake ikae karibu na wenyewe.

Mwishowe, hakuna distribusheni inayotimiza ahadi peke yake. Waliovamiwa mwaka 2019 walikuwa na dawa mlangoni. Mfuko wa Livingstone ulikuwa salama Tabora, lakini haukuwa na faida kwa mwenyewe mpaka alipotokea mtu wa kuubeba. Kabla chama hakijauliza waweke Linux ipi, kiulize nani miongoni mwao atakuwa na zamu ya kuitunza mwaka kesho, na baada yake nani.